Jina, Dalili na Dawa: Istilahi za Kiswahili za Maradhi ya Samaki wa Mapambo wa Maji Chumvi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kutumika kutambua na kukabili maradhi ya samaki wa baharini wanaofugwa katika matangi ya vioo. Hoja yake ni kwamba maradhi yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa na visababishi tofauti kabisa. Jina linalotolewa kwa kutazama sura peke yake, au kwa kutafsiri jina la kigeni neno kwa neno, humwelekeza mtunzaji kwenye tiba isiyofaa, na mara nyingine kwenye tiba iliyo kinyume cha ile inayotakiwa. Makala yanapendekeza kutenganisha ngazi mbili za istilahi: lugha ya dalili, ambayo wavuvi na wahudumu wa matangi tayari wanayo, na majina ya maradhi, ambayo yafungamanishwe na kisababishi.

Usuli

Biashara ya samaki wa mapambo katika pwani ya Kenya ina zaidi ya nusu karne. Wapiga mbizi wa Shimoni, Kilifi na vijiji vya jirani huwakamata kitatange, kangaja na samaki wengine wadogo wa miamba ya matumbawe wakiwa hai. Wauzaji huwahifadhi samaki hao matangini kwa muda, kisha huwasafirisha kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Kuanzia majini hadi kwenye ghala la kuhifadhia, lugha ya kazi ni Kiswahili. Kuanzia hapo lugha hubadilika: cheti cha afya, lebo ya dawa na mwongozo wa matibabu huandikwa kwa Kiingereza. Mtu anayemwona samaki akianza kuugua na mtu anayeandika jina la ugonjwa kwa kawaida si mmoja, na hawatumii lugha moja.

Pengo hilo lina gharama. Tofauti na samaki wengi wa mapambo wa maji yasiyo na chumvi, ambao huzalishwa mabwawani, spishi nyingi za baharini bado huvuliwa moja kwa moja mwambani. Samaki anayekufa tangini hufidiwa kwa kumvua mwingine. Kwa hiyo uamuzi wa mhudumu wa tangi asubuhi moja, atie dawa gani na kwa muda gani, ni suala la uhifadhi wa bahari kama ulivyo suala la mapato ya mvuvi. Suala hili haliishii pwani. Mtunzaji wa tangi la maji chumvi aliye Kampala au Kigali, zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, hana mvuvi wa kumuuliza. Hutegemea maandishi, na maandishi ya Kiswahili kuhusu jambo hili ni haba mno.

Jina moja, visababishi vitatu

Mfano ulio wazi zaidi ni "ugonjwa wa madoa meupe". Katika ufugaji wa samaki wa mabwawani, jina hili hutajwa kwa maradhi yanayosababishwa na Ichthyophthirius multifiliis, kimelea cha seli moja. Baharini, punje nyeupe zinazofanana na hizo husababishwa na Cryptocaryon irritans. Vimelea hivi viwili vina sura na mzunguko wa maisha unaokaribiana, lakini kinasaba si ndugu wa karibu. Katika ufugaji wa kamba, jina hilohilo hutumika kwa ugonjwa wa virusi ambao uliripotiwa Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, nao hushambulia kamba, kaa na jamaa zao. Mtu anayesoma ripoti ya Kiswahili yenye maneno "madoa meupe yamegunduliwa" hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu linalozungumziwa, wala iwapo ni jambo la tangi moja au la ukanda mzima wa bahari.

Mkanganyiko huu ungekuwa wa kikamusi tu kama tiba zingelingana. Hazilingani. Katika maji yasiyo na chumvi, mojawapo ya njia za kudhibiti Ichthyophthirius ni kuongeza chumvi kwenye maji. Kwa Cryptocaryon, njia mojawapo inayotambulika ni kupunguza chumvi: maji ya tangi la karantini hushushwa hatua kwa hatua kutoka takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kama ilivyo baharini, hadi gramu 15 au 16, na kubakizwa hapo kwa siku 21 hadi 30. Samaki wengi wenye mifupa hustahimili jambo hilo kwa sababu ukali wa chumvi katika damu yao ni kama theluthi moja tu ya ule wa bahari. Kimelea hakiwezi kumudu. Papa, taa, kamba na matumbawe pia hawawezi, na ndiyo maana tiba hii haifanywi katika tangi la maonyesho.

Basi mshauri wa ufugaji aliyezoea perege wa ziwani, akipigiwa simu na kuambiwa "samaki wana madoa meupe", akajibu "ongeza chumvi", atakuwa amesema jambo la kweli kwa tangi lisilo lake. Hakuna aliyekosea katika mazungumzo hayo ila jina.

Punje, vumbi na utando

Hata ndani ya bahari yenyewe, kuna maradhi matatu ya vimelea ambayo mtazamaji asiye na uzoefu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni hilo la Cryptocaryon. Dalili yake ya macho ni punje zilizotengana, kila moja ikiwa na ukubwa wa chembe ya chumvi, hasa kwenye mapezi na ubavu. La pili husababishwa na Amyloodinium ocellatum. Hapa punje ni ndogo mno kiasi kwamba samaki huonekana kama amenyunyiziwa vumbi la kijivu au la dhahabu, na vumbi hilo huonekana vizuri zaidi kwa kummulika samaki kwa tochi kutoka pembeni katika chumba chenye giza. La tatu husababishwa na Brooklynella hostilis, maarufu kwa kuwashambulia samaki wa jamii ya Amphiprion. Dalili yake kuu ni utando: ute mzito mweupe unaochubuka vipande vipande mwilini.

Kwa Kiingereza ugonjwa wa pili huitwa kwa jina la kitambaa, yaani mahameli. Tafsiri ya moja kwa moja, "ugonjwa wa mahameli", inawezekana kisarufi, lakini haimsaidii mpiga mbizi wa Shimoni kuona kitu. "Vumbi" linamsaidia. Maneno punje, vumbi na utando ni ya kila siku, hayaingiliani, na kila moja linaelekeza jicho kwenye tofauti ambayo ndiyo msingi wa utambuzi. Yana upungufu mmoja tu: yanataja dalili, si kisababishi. Ndiyo sababu yafaa yabaki katika ngazi ya kwanza, na jina la kisayansi la kimelea liandikwe kando pale darubini inapothibitisha.

Kati ya matatu hayo, vumbi ndilo linaloua kwa haraka. Amyloodinium huanza mara nyingi kwenye matamvua kabla ya kuonekana kwenye ngozi, na kidonge chake kimoja kinaweza kugawanyika na kutoa hadi vimelea vichanga 256. Tangi zima linaweza kupotea ndani ya siku chache. Isitoshe, kimelea hiki huvumilia viwango vya chumvi vya aina nyingi, kwa hiyo kupunguza chumvi, ambako kungemponya mwenye punje, hakumponyi mwenye vumbi. Humpotezea siku ambazo hana.

Orodha ya maradhi ni ndefu kuliko hii. Ziko minyoo bapa za ngozi, ambazo hufanya macho ya samaki yawe na ukungu; viko vidonda vyekundu vya Uronema marinum, ambavyo shaba haiviponyi kwa kuwa kimelea huingia ndani ya misuli; na yako mauvimbe ya limfosisti yanayofanana na koliflawa, ambayo husababishwa na virusi, hayana dawa, na mara nyingi huisha yenyewe samaki akitunzwa vizuri. Hilo la mwisho linastahili kujulikana kwa sababu moja ya kivitendo: humwepusha mtunzaji na kumtia dawa samaki asiyehitaji dawa.

Vitenzi vya dalili

Samaki mgonjwa hubadili mwenendo kabla ya kubadili rangi. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao watunga istilahi, kwa mazoea yao ya kutafuta nomino, huupita bila kuutazama. Samaki anahema, anatweta, anajisugua, anajikwaruza, anabana mapezi, anayumba, anasusia chakula, anajitenga, anasimama kwenye mkondo wa pampu. Kila kitenzi ni uchunguzi kamili.

Tofauti ya njeo nayo ina uzito wa kitabibu. "Anajisugua" ni tukio la sasa, na samaki mzima anaweza kujisugua mara moja kwenye jiwe bila maana yoyote. "Hujisugua" ni mazoea. "Anajikwaruzakwaruza", kwa uradidi, ni hali ya kurudiarudia isiyotulia, na hiyo ndiyo inayoashiria vimelea vya ngozi au vya matamvua. Daftari la tangi linaloandikwa kwa kuzingatia tofauti hizi hueleza zaidi ya lile lenye neno "dhaifu" kila siku. Rangi nayo huhitaji uangalifu wa aina hiyo. Kangaja wengi hupauka usiku wanapolala na kurudia rangi yao mchana. "Amepauka saa mbili usiku" na "amepauka saa sita mchana" ni taarifa mbili tofauti, na saa lazima iandikwe.

Kiungo muhimu kuliko vyote katika uchunguzi huu ndicho chenye majina yanayoyumba zaidi. Vitabu vya biolojia hutumia matamvua. Kamusi zina pia yavuyavu, neno linalotumika vilevile kwa pafu la mnyama. Na sokoni wengi husema mashavu. Mhudumu akiandika kwamba "shavu limevimba", msomaji anaweza kufikiria upande wa uso badala ya kiungo cha kupumulia. Pendekezo hapa ni matamvua kwa kiungo chenyewe na kifuniko cha matamvua kwa sehemu ya nje inayofunguka na kufunga, kwa kuwa kuhesabu pumzi za samaki ni kuhesabu mwendo wa kifuniko hicho kwa dakika. Idadi hiyo hulinganishwa na ya samaki huyohuyo akiwa mzima. Spishi hutofautiana, na namba moja ya wote haipo.

Maji kabla ya dawa

Kuhema si jina la ugonjwa. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto lilelile, na kadiri joto linavyopanda ndivyo oksijeni inavyopungua. Kwa hiyo samaki wote wakihema kwa pamoja, na hakuna punje wala vumbi, jambo la kwanza ni kupima maji: joto, oksijeni, amonia, kiwango cha chumvi na uchachu. Tangi jipya huhitaji takriban wiki nne hadi sita kabla bakteria wanaogeuza amonia kuwa wa kutosha. Samaki akiingizwa kabla ya hapo, hujeruhiwa na taka zake mwenyewe, na dawa za kuua bakteria zikitiwa huwaua bakteria haohao wanaohitajika.

Mfuko wa safari hueleza vizuri zaidi jambo hili. Samaki husafirishwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, baada ya kufungishwa chakula ili asichafue maji. Ndani ya mfuko, kabonidioksaidi ya pumzi huyafanya maji yawe na uchachu zaidi, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, kabonidioksaidi hutoroka, uchachu hushuka, na amonia ileile hugeuka sumu ndani ya muda mfupi. Mtunzaji anayeacha mfuko wazi kwa muda mrefu huku akidondoshea maji ya tangi taratibu, akidhani anamzoesha mgeni wake, anaweza kuwa anamuunguza matamvua. Kisha siku inayofuata huona samaki akihema na kuandika "ugonjwa". Kwa mfuko uliosafiri saa nyingi, kusawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha kumhamisha samaki haraka kwenye maji safi ya karantini yenye kiwango cha chumvi kilicho sawa na cha mfuko, ni salama zaidi.

Maji baridi, mrututu na majina ya dawa

Lugha ya tiba ina mitego yake. Dawa rahisi dhidi ya minyoo bapa za ngozi ni kumchovya samaki kwa dakika chache katika maji yasiyo na chumvi. Minyoo hupasuka au huachia ngozi. Sasa, katika lugha ya uvuvi na ufugaji ya Afrika Mashariki, maji yasiyo na chumvi huitwa maji baridi. Mwongozo unaosema "mchovye samaki katika maji baridi kwa dakika tano" unaweza kusomwa kama amri ya kumtia samaki wa tropiki kwenye maji ya friji. Ukweli ni kwamba maji hayo lazima yawe na joto na uchachu sawa na wa tangi, na yawe yameondolewa klorini. Watu wa Pwani wana maji matamu, neno zuri, lakini kwa msomaji wa bara linaweza kuleta sukari akilini. Katika maandishi ya tiba, kifungu kirefu maji yasiyo na chumvi kinastahili urefu wake.

Shaba ni mfano wa pili. Ndiyo dawa ya zamani na ya kutegemewa dhidi ya punje na vumbi, na umbo lake mojawapo ni mrututu, ambao wakulima wa kahawa wanaujua kama dawa ya kunyunyizia majani. Kufahamika huko kunaweza kuleta wepesi hatari. Kipimo cha shaba huru kinachopendekezwa ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini yake vimelea huishi, na juu yake samaki hudhurika. Lazima kipimwe kila siku, kwa sababu mchanga na mawe ya matumbawe hufyonza shaba, na ndiyo sababu nyingine ya kutumia tangi tupu la karantini. Dawa za shaba za madukani zilizofungwa kikemia zina vipimo tofauti, na lebo yake ndiyo ya kufuatwa. Kwa konokono, kamba na matumbawe, shaba ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Kwa utando wa Brooklynella, haisaidii. Hapo hutumika formalini, dawa inayopunguza oksijeni majini na inayoweza kumletea saratani anayeishika bila glavu na hewa ya kutosha.

Yapo pia majina ambayo msomaji wa Kiswahili atayakuta yakimtazama kutoka kabati la zahanati. Prazikwanteli, inayotumika dhidi ya minyoo bapa za samaki, ndiyo dawa wanayopewa watoto wa shule dhidi ya kichocho katika kanda ya Ziwa. Klorokwini, inayotumika dhidi ya vumbi, iliachwa kuwa tiba ya kwanza ya malaria Kenya mwaka 1998 na Tanzania Bara mwaka 2001. Mwongozo wa Kiswahili utakaotaja dawa hizi bila kueleza zipatikane wapi na kwa idhini ya nani utakuwa umefungua mlango ambao watunga sera wangependa ufungwe. Nayo mafuta ya karafuu, zao ambalo Pemba inalijua kuliko karibu mahali pengine popote, hutumika kumlaza samaki ili matamvua yakaguliwe, na kwa kipimo kikubwa kumfisha bila mateso pale tiba haipo tena. Ni ajabu kiasi kwamba maelezo ya matumizi haya hupatikana kwa urahisi katika lugha za nchi zinazonunua karafuu na kwa shida katika lugha ya wanaoichuma.

Tatizo la neno "amepona"

Cryptocaryon hukaa kwenye mwili wa samaki kwa siku tatu hadi saba, kikila tishu zake. Kisha hudondoka, hujifungia ndani ya kidonge kwenye mchanga au mwamba, na hugawanyika humo. Vimelea vichanga hutoka mara nyingi baada ya siku 3 hadi 28, ila vingine vimechukua hadi siku 72. Vikitoka, vina siku moja au mbili tu za kumpata samaki kabla ya kudhoofika. Maana yake ni kwamba katika siku ya tano au ya sita punje hutoweka mwilini zenyewe, dawa iwe imetiwa au haikutiwa. Mtunzaji huandika "samaki amepona", huacha tiba, au humsifu yeyote aliyempa vitunguu saumu. Wiki mbili baadaye punje hurudi zikiwa nyingi mara kadhaa.

Kitenzi -pona kinahusu mgonjwa, na "amepona" hutangaza mwisho wa ugonjwa. Kile kilichoonekana ni kidogo kuliko hicho: "punje hazionekani". Daftari likibakiza kauli hii ya pili, hesabu ya siku za tiba huendelea, na samaki hubaki karantini mpaka mzunguko wa kimelea umekatika. Tangi la maonyesho alimotoka nalo huachwa bila samaki yeyote, ili vimelea vichanga vitakavyotoka vikose mwenyeji. Kwa kuzingatia kidonge kinachochelewa zaidi, muda huo unapaswa kuzidi siku 72.

Kwa taasisi zinazohusika, zikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, BAKITA, BAKIZA na taasisi za utafiti wa bahari kama ile ya Kenya iliyo Mombasa, kazi inayofaa kuanza nayo ni fomu ya ukurasa mmoja ya kufuatana na samaki kutoka ghala hadi ghala. Fomu hiyo iulize kwanza vipimo vya maji, kisha mwenendo kwa vitenzi, kisha mwonekano kwa maneno punje, vumbi, utando, ukungu, kidonda au uvimbe, pamoja na mahali vilipoonekana mwilini. Jina la ugonjwa liwe na nafasi mbili: moja ya kushuku na moja ya kuthibitisha kwa darubini, na ya pili iruhusiwe kubaki tupu. Mahali pa "amepona" pawe na tarehe ambayo dalili ilionekana mara ya mwisho, tarehe ambayo tiba ilikamilika, na idadi ya siku ambazo tangi limekaa bila samaki.